Ngozi Iliyo Hai

Kila asubuhi Fundi alifungua mlango wa duka lake kwa bega. Mlango ule ulikuwa mkaidi, hasa wakati wa mvua. Fundi aliutukana kidogo, akausukuma, ukakubali. Kisha alitoa vigoda viwili akaviweka mlangoni. Kimoja alikikalia yeye. Cha pili hakikukaliwa na mtu. Kilikuwa cha mkewe, aliyefariki binti yao akiwa bado anajifunza kutembea.

Fundi alishona viatu, mikoba na mikanda. Ngozi alizitengeneza mwenyewe uani, ndani ya mapipa. Alizilowesha katika maji ya magome ya mti na shabu, yale mawe meupe yanayokaza ngozi mbichi isioze. Mtaa mzima uliijua harufu ya mapipa hayo. Watu walilalamika, lakini viatu vyao vilipotoboka walikuja vilevile, wameziba pua.

Ulimi wa Fundi ulikuwa mkali kuliko sindano yake ya kutobolea ngozi. Siku moja mwuza mchele alimletea kiatu kilichofumuka ubavuni. Alikuwa amekipaka rangi nyeusi ili mwanya usionekane.

"Hiki nini?" Fundi aliuliza.

"Kiatu, Fundi."

"Mimi naona rangi. Kiatu kiko wapi?"

Mwuza mchele alicheka kwa aibu.

"Nawaambia kila siku hamsikii," Fundi alisema. "Mshono ukifumuka haupakwi rangi. Unashonwa! Rangi haijui kushona."

Nyuma ya pazia, ndani ya chumba cha nyuma, binti yake alisikia akatabasamu. Hakucheka. Kucheka kwa sauti alikuogopa tangu utotoni, na sababu yake tutaiona.

Nyumbani aliitwa Binti tu. Mtaani walimwita Bikizee. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, lakini ngozi ya mashavu yake ilining'inia. Shingo yake ilijaa mikunjo. Ngozi ya mikono ilimpwaya kama shati la kuazima. Ukiivuta ilivutika, na ukiiachia haikurudi upesi. Alizaliwa hivyo, na kila mwaka ililegea zaidi.

Kilichomuumiza zaidi ni salamu. Watu wazima, wenye watoto wa rika lake, walimwamkia.

"Shikamoo, bibi."

Zamani alikuwa akieleza. "Mimi si bibi, mimi ni mtoto wa Fundi." Watu walishtuka, wakamkodolea macho, wengine wakaangua kicheko. Akachoka kueleza. Akawa anaitikia tu, "Marahaba," huku ameinama. Kila alipoitikia alijiona ameiba kitu cha mtu mwingine. Mwishowe akaacha kutoka nje.

Ndipo baba yake alipomwekea meza chumba cha nyuma. Humo Binti alishona mikoba, akasugua nyayo za viatu kwa msasa, akayeyusha gundi kwenye jiko la mkaa. Dirisha Fundi alilipigilia ubao, watoto wa mtaani wasichungulie.

"Hapa hakuna wa kukusumbua, mwanangu," alisema.

Alisema kwa mapenzi, na Binti alijua. Lakini chumba kilikuwa na giza, na siku zilikuwa ndefu. Wakati mwingine alikaa kimya hata akawa na hamu ya kusikia sauti yoyote. Hapo alijisalimia mwenyewe. "Habari za leo?" "Nzuri." "Umeamkaje?" "Salama." Kisha alirudi kwenye mkoba wake akashona.

Jumapili duka lilifungwa, na ndiyo siku Fundi aliyomtibu Binti. Alichota maji ya pipa, yale yale ya magome na shabu, akachovya kitambaa, akampaka binti yake usoni, shingoni na mikononi.

"Ngozi ni ngozi," alisema. "Nimekaza za mbuzi, nimekaza za ng'ombe. Ya mwanangu itanishindaje?"

Maji yale yalivuta ngozi kwa muda mfupi, na Fundi alifurahi. "Unaona? Inakaza!" Kisha ngozi ilikauka, ikawasha, ikapasuka. Chini ya shingo palikuwa na vidonda ambavyo havikupata nafasi ya kupona, kwa kuwa kila Jumapili vilipakwa tena. Binti aliuma meno akavumilia. Hakuthubutu kukataa. Katika wiki nzima, hiyo ndiyo saa pekee ambayo mtu aligusa uso wake.

Dada yake Fundi, ambaye Binti alimwita Shangazi, alikuja mara kwa mara kupika na kufua. Alikuwa mkarimu, lakini hakujua kufunga mdomo.

"Hayo ni ya mama yako," alisema huku akikatakata vitunguu. "Alikuwa mtu wa kucheka sana, Mungu amrehemu. Ujauzito ulipomshika, alimcheka bikizee mmoja aliyeteleza kwenye matope. Haya, matokeo yake ndiyo hayo."

Binti aliyasikia maneno hayo tangu akiwa mdogo. Kwa hiyo hakucheka, asije akaongeza balaa juu ya balaa. Na usiku alipomkumbuka mama yake asiyemjua, alimpenda na kumkasirikia kwa pamoja.

Siku za karibuni tatizo jingine lilianza. Pumzi zilimwishia. Akibeba ndoo ya maji kutoka uani alilazimika kuiweka chini katikati ya njia. Jiko likiwaka alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba mwili wake umekuwa wa kizee ndani pia, na kwamba kama bibi yeyote, hana muda mrefu.

Siku moja Fundi alikwenda machinjioni kununua ngozi. Mtu akabisha hodi dukani. Binti alinyamaza, akitumaini ataondoka. Hodi ikarudiwa.

"Jamani, hakuna mtu? Nina zamu, nipokeeni hata kiatu tu."

Binti alijifunika mtandio mpaka puani, akasogeza pazia. Mlangoni alisimama mama mmoja mwenye sare nyeupe. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani, na mkononi alishika kiatu cheupe kilichobanduka soli.

"Shikamoo," Binti alisema harakaharaka, kabla hajaamkiwa yeye.

Muuguzi alimtazama macho, si mashavu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Binti aliinua macho. Mtu asiyemjua alikuwa amemwita mwanangu. Alipokea kiatu, akageuka kukiweka mezani, na kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akajishikiza ukutani. Mtandio ukaanguka.

Muuguzi hakurudi nyuma. Alimsogezea kigoda, akamketisha, akangoja pumzi zitulie. Kilikuwa kigoda cha mama, lakini hilo yeye hakulijua.

"Kikohozi hiki kina muda gani?"

"Muda, mama. Nikifanya kazi kidogo tu, nahema."

"Na vidonda hivi vya shingoni?"

Binti alimweleza habari za pipa. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nisikudanganye, mwanangu," alisema. "Ugonjwa wako mimi siujui. Nimesikia tu kwamba kuna watu wanaozaliwa na ngozi ya namna hii, wachache sana. Lakini hospitali kubwa yuko daktari wa ngozi. Yeye atajua. Na hayo maji ya shabu, acha leo. Yanakuchoma."

Hapo ndipo Fundi aliporudi, mzigo wa ngozi begani. Alimkuta binti yake mlangoni, uso wazi, amekaa juu ya kigoda kile. Akautua mzigo chini.

Muuguzi alimsalimu, akarudia maneno yake. Fundi alikunja uso.

"Hospitali nilimpeleka akiwa mchanga," alisema. "Walijazana mlangoni kumwangalia kama kioja. Hakuna aliyesema lolote la maana. Nimpeleke tena akachekwe?"

"Fundi, pumzi zinamwishia. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kiatu chako kitakuwa tayari kesho," Fundi alijibu. Huko ndiko kufukuzwa kwa adabu, na Muuguzi alielewa akaenda zake.

Jumapili ikafika. Fundi alikuwa na wasiwasi, na wasiwasi ulimfanya aongeze shabu. Alichovya kitambaa, akakaa mbele ya binti yake kama kawaida.

"Baba, leo sipakwi."

Fundi hakuamini masikio yake. "Unasemaje?"

"Sipakwi." Ilibidi Binti avute pumzi kabla ya kuendelea. "Wewe... wewe ndiye unayewaambia watu. Mshono ukifumuka haupakwi rangi. Mimi nimefumuka ndani, baba. Sipati hewa. Unanipaka juu."

Kitambaa kilimdondokea Fundi miguuni. Aliangalia shingo ya binti yake, zile nyufa na vidonda, kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Ngozi ngapi zilipita mikononi mwake, na hata moja haikuwahi kumwambia kwamba inaumia.

"Kesho," alisema baadaye. "Kesho twende."

Hospitalini walikaa kwenye benchi refu. Mtu aliyekuwa jirani na Binti alisogea kidogo. Kisha akasogea tena, na tena, mpaka nusu ya makalio yake ikawa hewani. Binti aliuona mwanya ule kati yao, akaukunja mtandio wake usiguse benchi. Benchi lilijaa watu, naye alikuwa peke yake kuliko alivyokuwa chumbani.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyokuwa ikiteleza kila mara.

"Naomba nishike shingo yako," alisema. "Naruhusiwa?"

Hakuna aliyewahi kumwomba ruhusa. Binti aliitikia kwa kichwa. Daktari aliivuta ngozi taratibu, akaiachia, akaitazama inavyorudi pole pole. Aliuliza mambo mengi: kuzaliwa, kukua, pumzi, mapigo ya moyo, ndugu wengine. Kisha akakaa.

"Ugonjwa huu una jina," alisema. "Unaitwa cutis laxa. Maana yake ni ngozi iliyolegea. Haupatikani kwa watu wengi, ndiyo maana hata wahudumu wengi wa afya hawajauona. Na niseme wazi: hauambukizi. Huupati kwa kugusana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kukaa benchi moja."

Alisema kwa sauti kubwa, na mlango ulikuwa wazi. Yule wa kwenye benchi alirudisha makalio yake mahali pake.

"Katika ngozi ya kila mtu mna nyuzi ndogo sana zisizoonekana kwa macho," Daktari aliendelea. "Hufanya kazi kama lastiki ya kiunoni mwa sketi. Ukivuta ngozi, zenyewe huirudisha. Sasa lastiki ikiwa dhaifu, sketi inakuwaje?"

"Inashuka," Binti alijibu.

"Basi. Wewe umezaliwa na nyuzi dhaifu."

"Na shabu, daktari?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Shabu huifanyia nini ngozi ya mbuzi?"

"Huikaza, isioze."

"Na mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

"Ah, daktari! Mbuzi kaliwa zamani."

"Hiyo ndiyo tofauti, Fundi. Ngozi unayoijua wewe imekwisha kufa. Ya binti yako iko hai. Ina damu, inasikia maumivu, inajijenga yenyewe. Dawa ya kupaka juu haifiki kwenye nyuzi zake. Inamchoma tu."

Fundi alitazama mikono yake, iliyogeuka kahawia kwa magome ya miaka mingi.

"Lakini kuna jambo kubwa kuliko sura," Daktari alisema. "Nyuzi hizi haziko kwenye ngozi tu. Ziko kwenye mapafu, na kwenye mishipa mikubwa ya damu inayotoka moyoni. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii hapimwi kwa macho tu. Lazima tutazame ndani."

Binti alipigwa picha ya kifua. Akapuliza kwa nguvu kwenye mrija wa kupima pumzi. Akalazwa kitandani, moyo wake ukapimwa kwa chombo kinachopitishwa juu ya kifua. Kwenye kioo cha chombo hicho aliuona moyo wake ukicheza. Ulionekana wa kawaida kabisa. Alishangaa kwamba moyo haukuwa na umri ule ulioonekana usoni mwake.

Waliporudi kwa Daktari, alikuwa na majibu.

"Moyo na mishipa viko salama. Tutavipima tena kila mwaka, hata usipojisikia vibaya. Mapafu yameanza kulegea. Hayatarudi kama zamani, lakini tunaweza kuyalinda. Moshi na vumbi ni adui zake wakubwa. Usivute sigara, usikae na anayevuta. Ukiota uvimbe tumboni au kwenye kinena, njoo mapema. Ukipata maumivu makali ya kifua, usingoje hata kidogo. Sasa niambieni, kazi yake anafanyia wapi?"

"Chumba cha nyuma," Fundi alisema. "Kuna jiko la mkaa. Kuna gundi. Anasugua nyayo kwa msasa." Kadiri alivyosema, ndivyo maneno yalivyozidi kumwia mazito.

"Dirisha lipo?"

"Lina ubao."

"Nani kaweka ubao?"

Fundi aligeukia dirisha la Daktari. Binti alimshika mkono chini ya meza.

"Daktari," Binti aliuliza, "ngozi yangu itakaza lini?"

Daktari alivua miwani. "Haitakaza, binti. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoikaza, na anayekuuzia anakudanganya. Upo upasuaji wa kuondoa ngozi iliyozidi usoni. Wengine huwasaidia, lakini baada ya muda inaweza kulegea tena. Ukitaka tutaongea na daktari wa upasuaji. Uamuzi ni wako, na si lazima uwe wa leo."

Binti alilia. Miaka yote, hata alipokuwa akiumia, alikuwa akingoja Jumapili moja aamke ngozi imekaza. Sasa Jumapili hiyo haikuwepo tena. Daktari alimwacha alie. Binti alipotulia, aliuliza swali la mwisho, kwa sauti ndogo.

"Ni kwa sababu mama alimcheka bikizee?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Watu."

"Kucheka hakumpi mtoto ugonjwa," Daktari alisema. "Huu unatokana na kasoro ndogo sana katika asili ya mwili, ile tunayorithi kwa wazazi. Mzazi anaweza kuwa nayo bila kujua, asionyeshe dalili yoyote. Au hutokea kwa mtoto mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyekosea. Mama yako hakukosa kitu. Wala wewe. Na wapo wengine kama wewe, wachache, kila mmoja mahali pake, pengine wamejificha wakidhani wako peke yao duniani."

Njia nzima ya kurudi Binti aliwafikiria wengine hao. Mmoja yuko nyuma ya pazia gani? Nani anamsalimia?

Siku hiyo hiyo Fundi aling'oa ubao wa dirisha. Jiko alilihamishia uani. Msasa aliuchukua yeye, akawa anasugulia nyayo nje, mbali, amejifunga kitambaa puani. Pazia alilikata vipandevipande, vikawa vitambaa vya kung'arishia viatu. Shangazi alipokuja na kuambiwa maneno ya Daktari, alisahau sufuria mpaka vitunguu vikaungua. Baadaye alimshika Binti mkono akasema, "Nisamehe, mwanangu. Umwombee mama yako, na mimi nitamwombea."

Vidonda vya shingoni vilipona kwa dawa ya zahanati na kwa kuachwa vipumzike. Kikohozi kilipungua. Binti aliweza kubeba ndoo, mradi isijae. Muuguzi alimtembelea mara kwa mara, na kila mara alikuja na kiatu cha kusingizia.

Asubuhi moja Fundi alifungua mlango kwa bega, akatoa vigoda viwili.

"Binti!" aliita. "Njoo ukae. Kigoda kinaota kutu."

"Kigoda cha mbao, baba?"

"Njoo, usinisahihishe!"

Alikwenda, akakaa. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Watu walileta viatu visivyo na kasoro yoyote ili wapate kumwangalia. Mama mmoja alimvuta mwanawe upande wa pili wa barabara. Upweke haukuondoka kwa siku moja, maana nao ulikuwa umezoea kukaa naye. Jioni nyingine alitamani pazia lake. Lakini alibaki mlangoni, kwenye hewa, na kesho yake alirudi.

Kisha akaja mwuza mchele. Alikuwa hajamwona Binti kwa miaka, wala hakumtambua.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Marahaba ilimfika Binti ulimini. Akaimeza. Alimtazama baba yake, lakini Fundi alikuwa ameinamia kiatu kana kwamba hasikii kitu.

"Hapana, mzee," Binti alisema. "Mimi ni binti yake Fundi, nina miaka kumi na tisa. Ngozi yangu nimezaliwa nayo imelegea. Haiambukizi. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Mwuza mchele alimtazama Fundi. Akamtazama Binti tena, safari hii machoni.

"Marahaba," alisema taratibu. "Marahaba, mwanangu. Haya, basi nitazamie hiki."

Akampa kiatu mikononi, vidole vikagusana. Binti alikigeuza. Ubavuni kilikuwa kimefumuka, na mwanya wote ulikuwa umepakwa rangi mpya, nyeusi tititi.

Binti alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikubwa, cha wazi, mpaka wapita njia wakageuka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na pumzi hazikumwishia.

Fundi aliinua kichwa. Alikijua kicheko hicho. Hakikuwa kimesikika mlangoni pale tangu kigoda kilipobaki kitupu.